Maswali Yenu: Usajili wa Futiboli ya Australia, Ligi Isiyo na Ada ya Uhamisho

Barua za safari hii zinahusu AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia: mpira wa umbo la yai, uwanja wa duara refu, wachezaji 18 kila upande, klabu 18, msimu unaoanza Machi na kuishia kwenye fainali kuu mwishoni mwa Septemba kwenye uwanja wa MCG, Melbourne. Mchezo wenyewe unaeleweka baada ya kutazama mechi mbili tatu. Usajili wake ndio unaowatoa wasomaji jasho, na tunawaelewa.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba klabu moja ilitoa “chaguo la 3 na la 20” ikampata nyota. Hayo machaguo ni nini, na pesa ziko wapi? (Msomaji, Dodoma)

Pesa hazipo. Hilo lishike kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo. Klabu ya AFL hairuhusiwi kuilipa klabu nyingine ada ya uhamisho. Ukimtaka mchezaji wa wenzako unatoa mchezaji wako, au unatoa zamu yako ya kuchagua makinda kwenye drafti ya mwezi Novemba, au vyote viwili. Zamu hiyo ndiyo huitwa chaguo, na hutajwa kwa namba: chaguo la 3 maana yake wewe ni wa tatu kumtaja kijana unayemtaka kati ya wote waliojiandikisha nchi nzima.

Uliyoyasoma bila shaka ni ya Chris Judd, mwaka 2007. Judd alikuwa nahodha wa West Coast Eagles ya Perth, bingwa wa mwaka uliotangulia, na alitaka kurudi kwao Melbourne. Carlton ikatoa chaguo la 3, chaguo la 20 na mshambuliaji kinda Josh Kennedy. Ikapewa Judd na chaguo la 46. Mkataba wa Judd ulikuwa umekwisha, lakini bado ilibidi klabu zikae mezani, kwa sababu kwenye ligi hii kumaliza mkataba peke yake hakumfanyi mtu kuwa huru.

Nani alipata faida? Judd alitwaa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, akiwa na Carlton mwaka 2010. Kennedy alifunga zaidi ya mabao 700 akiwa West Coast na kushinda ubingwa wa 2018. Sisi tungechukua upande wa West Coast bila kusita, ingawa mashabiki wa Carlton hawapendi kusikia hivyo.

Pesa huingia kwa mlango mmoja tu: klabu inayomwachia mchezaji inaweza kukubali kuendelea kulipa sehemu ya mshahara wake huko aendako. Tutalifikia hilo chini.

Drafti inaendeshwaje, na nani anaruhusiwa kuingia? Na mbona timu zisifungwe makusudi ili zichague mwanzo? (Msomaji, Kisumu)

Anaingia kijana ambaye hadi Desemba 31 ya mwaka huo atakuwa ametimiza miaka 18, mradi amejaza fomu ya kujiandikisha kabla ya muda kupita. Hakuna kikomo cha umri wa juu. Timu iliyoburuta mkia inachagua ya kwanza, bingwa anachagua wa 18, kisha raundi ya pili inaanza upya kwa mpangilio uleule. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ikifika siku yenyewe machaguo mengi yameshabadilisha mikono, na tangu 2018 klabu zinaweza kuendelea kubadilishana hata drafti ikiwa hewani, saa inahesabu.

Kijana hachagui klabu. Mtoto wa Perth akitajwa na Brisbane anafunga mizigo na kuvuka bara zima, kwa mkataba wa kwanza usiopungua miaka miwili. Hapo ndipo panapozaliwa tatizo ambalo klabu za mbali zinalijua vizuri: kutamani nyumbani. Mwisho wa 2013 Brisbane Lions iliondokewa na vijana watano kwa mpigo, Elliot Yeo, Jared Polec, Sam Docherty, Billy Longer na Patrick Karnezis. Tangu hapo wasaka vipaji wanapomhoji kijana hawaishii kwenye goti na kifundo cha mguu. Wanataka kujua anaelewana vipi na mama yake, kama amewahi kulala nje ya nyumbani wiki kadhaa mfululizo, na kama ana mchumba.

Vipimo vya mwili hufanyika Oktoba: mbio za mita 20, mbio za kilomita 2, kuruka juu kwa kusimama na kwa kukimbilia, na wepesi wa kukata kona. Vinaweza kumpandisha mtu nafasi chache. Anayejua kazi hii humchagua mchezaji kwa video za mechi zake, hasa mechi za mashindano ya majimbo ya chini ya miaka 18, ambako wazuri wote hukutana wenyewe kwa wenyewe na hakuna wa kumwonea.

Kuhusu kufungwa makusudi: kishawishi kipo, na kiliwahi kuwa kikubwa zaidi. Zamani timu iliyoshinda mechi chache mno ilipewa chaguo la nyongeza. Melbourne ilimaliza msimu wa 2009 na ushindi mara nne, ikapata chaguo la 1 na la 2 kwa pamoja. Mwaka 2013 ligi iliitoza faini ya dola 500,000 baada ya uchunguzi juu ya msimu ule, ingawa ilisema haikuthibitika kwamba klabu ilipanga kupoteza. Na machaguo yenyewe? Tom Scully, aliyekuwa wa kwanza, aliondoka kwenda GWS Giants baada ya misimu miwili. Jack Trengove, wa pili, alipewa unahodha angali na miaka 20 kisha majeraha yakamtafuna. Siku hizi nyongeza haitoki kwa hesabu ya ushindi. Klabu inaomba, na uongozi wa ligi unaamua.

Collingwood ilimpataje Nick Daicos mwaka 2021 ilhali haikuwa na chaguo la juu hata moja? Au kuna upendeleo? (Msomaji, Toronto)

Upendeleo upo, ila umeandikwa kwenye kanuni. Ikiwa baba alicheza angalau mechi 100 za timu ya kwanza ya klabu, klabu hiyo ina haki ya kumchukua mwanawe. Peter Daicos alicheza 250 Collingwood. Haki hiyo si ya bure, na bei yake hupangwa na wapinzani.

Inakwenda hivi. Klabu nyingine yoyote, ikifika zamu yake, inaweza kumtaja kijana huyo. Gold Coast Suns ilimtaja Daicos kwenye chaguo la 4. Papo hapo Collingwood iliulizwa: mnalingana na bei hii au mnamwacha? Bei ni pointi. Tangu 2015 kila chaguo lina thamani yake: kwenye jedwali lililotumika hadi 2024, la 1 ni pointi 3,000, la 2 ni 2,517, la 3 ni 2,234, la 4 ni 2,034, la 10 ni 1,395, la 20 ni 912.

Tupige hesabu. Chaguo la 4 ni 2,034. Kwa anayeitwa raundi ya kwanza kulikuwa na punguzo la asilimia 20, kwa hiyo deni ni pointi 1,627. Klabu yenye machaguo ya 38, 40, 42 na 44 inayajumlisha: 465 na 429 na 395 na 362, jumla 1,651. Deni limelipika, chenji ni pointi 24. Machaguo yote manne yanatoweka, klabu inapewa chaguo la 4 la kumtajia kijana wake, na chenji inageuka chaguo moja la mkiani kabisa.

Umeona ujanja uko wapi. Klabu inayojua mwaka mmoja kabla kwamba mtoto wa nyota wake anakuja haina haja ya chaguo la raundi ya kwanza, kwa sababu litamezwa. Basi inaliuza mapema na kukusanya machaguo ya chini yenye pointi nyingi zikijumlishwa. Collingwood ilifanya hivyo hivyo: usiku wa drafti ya 2020 iliwapa GWS chaguo lake la raundi ya kwanza la 2021 ikapewa mawili ya papo hapo, la 24 na la 30. Pigo likawa kwamba ilimaliza 2021 ikiwa ya 17, na lile chaguo ililoliuza likageuka la 2 kwa thamani.

Mambo mawili huwaharibia wanaocheza mchezo huu. Kwanza, klabu haiwezi kuingia kwenye drafti na machaguo mengi kuliko nafasi zilizo wazi kwenye orodha yake ya wachezaji. Ukitaka kulipa kwa machaguo sita ya chini, lazima uwe umetema wachezaji sita, uwe unawapenda au huwapendi. Pili, pointi zikipungua, deni linahamia kwenye chaguo lako la mwaka unaofuata na kulisogeza nyuma. Klabu nyingine nazo hutaja jina kwa kukukomoa, wakijua utalipa. Lakini ni kamari, kwa sababu ukikataa kulipa, kijana ni wao.

Baada ya malalamiko ya miaka, ligi ilibana kanuni kuanzia drafti ya 2025: punguzo lilishuka hadi asilimia 10 na machaguo ya mwisho yakapoteza thamani ya pointi. Kwa maoni yetu walichelewa. Punguzo la asilimia 20 juu ya mtoto ambaye kila mtu anajua ni bora wa nchi halikuwa na sababu yoyote ya kimichezo.

Mchezaji anaweza kuhamishwa bila ridhaa yake kama kule kwenye kikapu cha Marekani? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Bila saini ya mchezaji hakuna mabadilishano, hata kama klabu mbili zimekubaliana kila kitu. Upande wa pili nao ni kweli: mwenye mkataba akiomba kuondoka, klabu yake ina haki ya kukataa. Mara nyingi haikatai, kwa kuwa kumweka mtu asiyetaka kukaa ni hasara ya namna nyingine, ila hapo bei hupanda.

Nifafanulieni “mchezaji huru mwenye masharti”. Lance Franklin aliondoka Hawthorn bila Sydney kutoa chochote, lakini Patrick Dangerfield ilibidi alipiwe. Wote si walikuwa huru? (Msomaji, Muscat)

Uhuru wa kuhama ulianza 2012 na una ngazi mbili. Anayemaliza mkataba baada ya miaka minane kwenye klabu moja huwa huru. Lakini akiwa katika robo ya juu ya wanaolipwa zaidi klabuni, na ni mara yake ya kwanza kufikia hapo, uhuru wake una masharti: klabu yake inapewa siku chache za kuamua kama italingana na ofa aliyoletewa, kwa pesa na kwa muda. Baada ya miaka kumi masharti hayo huondoka.

Klabu ikilingana na ofa, mchezaji ana njia tatu. Abaki kwa masharti yaleyale, klabu zikae zibadilishane, au aingie kwenye drafti na kubahatisha. Klabu isipolingana, anaondoka bure, na ligi yenyewe huwafidia waliobaki kwa chaguo la nyongeza. Ukubwa wa fidia unategemea umri wa mchezaji na thamani ya mkataba mpya, na kwa wale wa daraja la juu chaguo hilo huwekwa mara tu baada ya chaguo la klabu lenyewe kwenye raundi ya kwanza.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo jibu la swali lako. Franklin alipewa na Sydney mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 10 mwishoni mwa 2013. Hawthorn walikuwa wametoka kuwa mabingwa, chaguo lao lilikuwa la 18, basi fidia ya mshambuliaji bora wa kizazi chake ikawa chaguo la 19. Kuifikia ofa ya miaka tisa wasingeweza, orodha yao isingebeba. Mwaka uliofuata Melbourne, iliyomaliza ya 17, ilimpoteza beki James Frawley na kufidiwa chaguo la 3. Frawley alikuwa beki mzuri, lakini si Franklin. Mfumo unawafidia walio chini kuliko walio juu, na klabu za chini zinajua kulitumia hilo: wakati mwingine ziko radhi mchezaji wao aandikiwe mkataba mnono zaidi ili fidia ipande.

Kwa Dangerfield, mwaka 2015, Adelaide ilionyesha wazi kwamba ingelingana na ofa ya Geelong. Tishio lilitosha. Klabu zikabadilishana: Geelong ikatoa machaguo ya 9 na 28 pamoja na Dean Gore, ikapewa Dangerfield na chaguo la 50. Mwaka uliofuata akabeba Brownlow. Mwaka 2020 GWS hawakuishia kwenye tishio. Walilingana kabisa na ofa ya Geelong kwa Jeremy Cameron, na Geelong ikalazimika kufungua mkoba na kutoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza.

Somo kwa wakala yeyote: kabla ya kuandika ofa, angalia klabu ya mteja wako imebakiwa na nafasi kiasi gani chini ya kikomo cha mishahara. Kama haina nafasi, haiwezi kulingana, hata ipige kelele vipi.

Kikomo hicho cha mishahara ni kiasi gani, na ukikivuka wanakufanya nini? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sasa ni zaidi ya dola milioni 15 za Australia kwa klabu kwa mwaka, na hupanda kufuatana na makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kuna na sakafu: lazima ulipe angalau asilimia 95 ya kikomo, hata ukiwa wa mwisho. Kwa hiyo timu dhaifu haiwezi kubana matumizi ikingoja makinda wakue. Inachofanya ni kulipa mapema. Mkataba wa miaka minne unapakiwa pesa nyingi mwaka wa kwanza na wa pili, ili timu ikianza kushinda kuwe na nafasi ya kusajili.

Wengine hufanya kinyume, wanasukuma malipo mbele, na hapo ndipo maji huzidi unga. Collingwood ilijikuta hapo mwishoni mwa 2020. Katika dirisha moja iliwaachia Adam Treloar, Jaidyn Stephenson na Tom Phillips kwa bei ya kutupa, na kwa Treloar ikakubali kuendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akichezea Western Bulldogs. Kila klabu ilijua Collingwood inabanwa, na ukijulikana unabanwa hupewi bei.

Adhabu ya kuvunja kanuni inauma. Carlton ilipokutwa na malipo ya siri mwaka 2002 ilitozwa faini ya dola 930,000, lakini faini si kitu. Ilinyang’anywa machaguo ya juu ya drafti mbili, yakiwemo la 1 na la 2 ambayo yangekuwa yake mwaka huohuo, na ikakaa chini ya msimamo kwa miaka. Adelaide nayo mwaka 2012 ilikutwa na makubaliano ya pembeni na Kurt Tippett. Klabu ilipigwa faini ya dola 300,000 na kupoteza machaguo, Tippett mwenyewe akafungiwa mechi 11.

Siku ya mwisho ya dirisha kunakuwa na vurugu. Ni nini hasa kinachofanyika, na dili likikwama mchezaji anaishia wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dirisha hufunguliwa Oktoba, baada ya fainali kuu, na kudumu kama siku kumi. Mpangilio wa kazi huwa hivi. Mchezaji anaiambia klabu yake kwenye kikao cha kufunga msimu kwamba anataka kuondoka, na mara nyingi anaitaja klabu moja tu. Wakala anakuwa ameshakubaliana mshahara na klabu mpya, maana mchezaji hukubaliwa kwanza, bei baadaye. Madaktari wanapeana mafaili na kumpima. Ndipo mameneja wa orodha, watu wanaoshughulika na usajili mwaka mzima, wanaanza kuvutana juu ya machaguo. Wakielewana, karatasi zinasainiwa na pande zote na kutumwa ligi, ambayo inakagua kikomo cha mishahara na kanuni za machaguo. Saa ikifika, kilichotumwa kimetumwa.

Mengi hukamilika saa za mwisho kwa sababu mbili. Moja, anayesaini mapema anaweza kuwa amelipa zaidi. Nyingine ni kwamba madili hufungamana. Mwaka 2022 Jason Horne-Francis, chaguo la 1 la mwaka uliotangulia, aliomba kutoka North Melbourne kurudi kwao Adelaide kuchezea Port Adelaide. Port haikuwa na kitu cha kumtosha. Ikabidi klabu nne ziingie chumba kimoja: GWS ikapata chaguo la 1, North Melbourne ikapata la 2 na la 3, West Coast ikaachia lile la 2 ikachukua la 8 na la 12, na Port ikaondoka na Horne-Francis pamoja na Junior Rioli. Pasingekuwa na West Coast kukubali kushuka, hakuna hata mmoja angehama.

Klabu inaweza pia kutoa machaguo ya mwaka ujao, jambo lililoruhusiwa 2015. Breki zipo: ni lazima klabu itumie angalau machaguo mawili ya raundi ya kwanza ndani ya kila miaka minne, isije uongozi wa leo ukala mbegu za uongozi wa kesho.

Dili likikwama na mchezaji hana mkataba, anaweza kuingia kwenye drafti ya kabla ya msimu. Hatari ni kwamba klabu yoyote iliyo mbele ya ile anayoitaka inaweza kumtaja. Kinga yake ni kutangaza masharti ya mshahara anayoyataka. Ukipakia pesa nyingi mwaka wa kwanza, wale wa mbele watashindwa kuzibeba na kukuruka. Jack Martin alifika Carlton kwa njia hiyo mwaka 2019, baada ya mazungumzo na Gold Coast kuvunjika. Luke Ball alipitia drafti kuu ya 2009 baada ya St Kilda na Collingwood kushindwana. Wengine wote wakampita, Collingwood ikamchukua kwenye chaguo la 30, na mwaka uliofuata akawa bingwa, akiifunga St Kilda hiyohiyo kwenye fainali kuu.

Mwanangu ana miaka 15, tuko Melbourne, sisi ni watu wa Kivu. Anaruka vizuri na amependa mchezo huu. Afuate njia gani? Je, kuna ada? (Mama msomaji, Melbourne)

Mama, kwanza ondoa hofu ya ada: hakuna klabu ya AFL inayotoza pesa ya majaribio, na drafti hailipiwi. Anayekudai pesa ili “amuunganishe” ni tapeli. Mawakala halali wamesajiliwa na chama cha wachezaji, nao hupata asilimia mchezaji akishapata mkataba.

Aanzie klabu ya mtaa wenu, acheze kila wiki. Kutoka hapo wazuri huitwa kwenye timu za mikoa za Coates Talent League, ligi ya vijana ya Victoria ambayo ndiyo inayotoa makinda wengi kuliko nyingine yoyote. Anayeng’ara huko huchaguliwa timu ya jimbo ya chini ya miaka 18. (Wasomaji wa Perth na Adelaide: kwenu njia inapita timu za vijana za WAFL na SANFL.) Vilevile uliza klabu ya AFL inayosimamia eneo lenu kuhusu akademia yake ya kizazi kijacho. Zinachukua vijana wa wenyeji asilia wa Australia na wa familia za kutoka nchi nyingine, Afrika ikiwemo, na sifa zinazotakiwa utaelezwa pale pale. Kijana wa akademia huchukuliwa na klabu hiyo kwa mfumo uleule wa pointi tulioueleza kwa Daicos.

Akademia haina maana kwamba ameshakuwa mali ya klabu. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri na wazazi wa Sudan Kusini, alikulia akademia ya Melbourne. Mwaka 2021 kanuni ilizuia klabu kumlipia kijana wa akademia anayetajwa ndani ya machaguo 20 ya kwanza, Gold Coast ikamtaja wa 5, na Melbourne ikabaki kuangalia. Kizuizi hicho kimeshalegezwa, lakini kanuni hizi hubadilika kila baada ya misimu michache.

Ushauri wa mazoezi: kuruka mtu huzaliwa nako, teke hujifunza. Mrefu anayeruka lakini mpira wake wa mguu haufiki kwa mwenzake huonekana haraka, na huachwa haraka vilevile. Afanye mateke ya mguu wa pili kila siku, na akimbie kilomita 2 huku akipimwa muda.

Mfano wa kumpa moyo ni Aliir Aliir. Alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akauanza mchezo huu baada ya familia kufika Australia. Sydney ilimchagua wa 44 mwaka 2013, hakucheza mechi ya kwanza hadi 2016, akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingia kikosi bora cha ligi. Angalia hiyo miaka mitatu ya kusubiri. Beki mrefu huchelewa kuiva, na klabu inayomchagua huwa inalijua hilo, ingawa mashabiki hawana subira.

Mimi ni mchezaji wa kikapu, nipo Nairobi, nina mita 2.05. Kuna mlango? (Msomaji, Nairobi)

Upo mwembamba. Kila klabu ina nafasi chache za wanagenzi kwa watu kutoka michezo mingine, mradi hawajasajiliwa kwenye futiboli ya Australia kwa miaka mitatu, na hao hawapiti drafti. Mason Cox, Mmarekani wa sentimita 211 aliyetoka kikapu cha chuo kikuu Oklahoma, aliingia Collingwood kwa mlango huo na akawa bingwa 2023. Waairishi wengi nao huupitia. Ila klabu ndiyo humfuata mchezaji, tena huko ambako tayari ina macho. Bila kuonekana kwenye kikapu cha kiwango cha chuo au taifa, hakuna atakayekutumia tiketi.

Nina miaka 27 nacheza ligi ya jimbo hapa Perth. Nimeshachelewa? (Msomaji, Perth)

Hapana. Tangu 2019 kuna drafti ya katikati ya msimu, kwa klabu zenye nafasi, hasa zilizopoteza mtu kwa jeraha la muda mrefu. Jiandikishe kabla ya tarehe ya mwisho, kwani wengi wanaosahaulika ni wale ambao hawakujaza fomu. Mwaka wa kwanza wa drafti hiyo Richmond ilimchukua Marlion Pickett kutoka South Fremantle, umri wake 27. Mechi yake ya kwanza ya AFL ilikuwa fainali kuu ya mwaka uleule, na Richmond ikaibuka bingwa.